Roselyn na Mosmos, Gari la Betri la Karungu

Saa moja asubuhi Roselyn Adoyo ameinua kiti cha gari lake na kukiegemeza ukutani. Chini ya kiti hakuna injini. Kuna betri sita zilizopangwa safu mbili, na yeye anafungua vifuniko, anachungulia ndani, anaongeza maji ya betri kutoka kwenye chupa ya plastiki, kisha anapangusa vichwa vya betri kwa kitambaa kikavu.

"Maji yakipungua zinakufa," anasema bila kugeuka. "Na hapa Karungu hakuna duka la kununua zingine."

Anachomoa waya wa chaja, anarudisha kiti mahali pake, anakaa, anakaza kitambaa cha kichwa. Anakanyaga pedali na gari linaondoka. Halingurumi, halitoi moshi. Kinachosikika ni kokoto zikisagika chini ya magurudumu na kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye usukani. Kengele hiyo ni lazima. Kuku na mbuzi wa Karungu wanajua kukimbia lori, lakini hili hawalisikii mpaka limewafikia.

Ni gari dogo, halina milango wala vioo. Juu lina paa la turubai. Mbele wanakaa dereva na abiria mmoja. Nyuma kuna kitanda cha mbao chenye godoro lililofunikwa plastiki, na mgonjwa anaweza kulala hapo akiwa amenyoosha miguu. Likijitahidi sana, linakwenda kama mtu anayekimbia bila haraka. Wakazi wamelipa jina la Mosmos, ambalo kwa Kijaluo maana yake ni polepole.

Kutoka kituo cha afya cha misheni kilichoko juu ya kilima, Roselyn anashuka hadi sokoni Sori, halafu ufukweni, halafu anarudi. Leo abiria wake wa kwanza ni mama aliyejifungua juzi, anayepelekwa nyumbani na mtoto wake. Wa pili ni bibi mzee mwenye kidonda cha mguu, ambaye amekwisha kaa kwenye jiwe kando ya njia na kumngoja.

"Nyar Kadem, jana hukupita," bibi analalamika. Anamwita hivyo kwa sababu Roselyn ni binti wa eneo la Kadem, ng'ambo ya pili, aliyeolewa huku.

"Jana ilikuwa kliniki ya watoto, dani. Si nilituma mtu akwambie?" Roselyn anajibu. Dani ni bibi kwa Kijaluo.

"Alikuja. Lakini nilikaa hapa tu, nikasema labda utapita."

Roselyn anacheka na kumshika mkono apande. Anamfunga mkanda aliotengeneza mwenyewe kwa kipande cha turubai.

Mwandishi alipomuuliza jinsi angependa kutambulishwa gazetini, hakufikiri mara mbili.

"Andika dereva. Watu wakija kutembea hapa wanaandika mfanyakazi wa misheni. Mimi ni dereva."

*

Roselyn ana umri wa miaka thelathini na minne. Alisoma hadi darasa la saba, akaolewa Karungu na mvuvi, na mwaka 1993 mumewe akafariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Ana binti mmoja, Ayoo. Kwa Wajaluo jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa njiani, na Ayoo alizaliwa njiani kweli.

Ilikuwa mwaka 1991. Uchungu ulimshika Roselyn mchana akiwa nyumbani karibu na ziwa. Gari halikuwepo. Mumewe alikuwa majini. Shemeji zake wakaazima wilbaro kwa jirani aliyekuwa akijenga, wakatandika gunia, wakamweka humo na kuanza kumsukuma kupanda kilima.

"Wilbaro ilikuwa bado na simiti imekauka ndani," anakumbuka. "Walipita nami katikati ya soko, miguu yangu inaning'inia. Watu wote wanatazama. Wengine ni watu naenda nao kanisani. Niliomba tu nifike. Sikufika. Nilizaa hapo kwenye mti wa mkuyu, juu kidogo ya posho mill, na wanawake wasionijua wakanizungushia leso zao."

Mama na mtoto walipona. Lakini Roselyn anasema kwa miezi mingi aliona haya kupita sokoni.

Mumewe alipofariki, Sista Susana, mtawa anayesimamia kituo cha afya, alimwajiri kufua mashuka. Kazi ilikuwa nzito. Mashuka ya wodi mbili, mkononi, na kuyabeba majini na kuyarudisha kwenye mkokoteni wa mbao. Hivyo ndivyo alivyokuwa wa kwanza kupewa gari hilo wakati lilipowasili.

Lilikuja mwaka 1995 ndani ya kontena la msaada, pamoja na vitanda na magongo. Kule Ulaya lilikuwa likitumika kwenye bustani ya nyumba ya wazee. Sista Susana anakiri kwamba hakuwa amepanga makubwa.

"Nililetewa kitu sikukiomba," anasema. "Nikafikiri, basi, litabeba nguo na sufuria za chakula ndani ya ua. Dereva wetu wa Land Rover wakati ule alikataa hata kulikalia. Alisema watu watamcheka. Nikamwambia Roselyn, wewe ndiye unabeba nguo, njoo ujifunze."

Alijifunza kwa kuzunguka wodi ya akina mama. Mara ya kwanza aligonga tangi la maji. Mara ya pili alilikwepa tangi akaangusha kamba ya nguo zilizokuwa zimeanikwa, akazifua upya zote.

Miezi michache baadaye alikuwa akipeleka mashuka aliposikia kelele nje ya lango. Mwanamke mjamzito alikuwa ameanguka njiani chini ya kilima, na dada yake alikuwa amepiga magoti kando yake akiita msaada. Roselyn hakuomba ruhusa. Alimwaga nguo kwenye nyasi, akatoka langoni, akashuka.

"Sista alikuwa amesema gari lisitoke," anasimulia. "Nilijua. Lakini ningefanyaje, nisimame hapo na gari, nimtazame?"

Aliporudi na mgonjwa amelala juu ya kitanda cha mbao, Sista Susana alikuwa amesimama langoni, mikono kiunoni.

"Nani amekuruhusu?" aliuliza.

"Hakuna, Sista."

"Mpeleke ndani. Tutaongea."

Waliongea jioni. Sista anasema alikuwa amejiandaa kumgombeza, lakini wakati huo mtoto alikuwa amekwisha zaliwa salama. Alichomwambia ni kwamba kuanzia kesho akitoka langoni aage kwanza.

*

Kutoka ndani ya ua kulikuwa jambo moja. Kupita sokoni kulikuwa jambo lingine.

Watu wa Sori walikuwa wameona malori ya samaki, pikipiki za maafisa na boti za mashine. Mwanamke wa kufua nguo ndani ya gari lisilo na sauti, linalopitwa na baiskeli, lilikuwa jambo la kuchekesha. Vijana walitembea mbele yake kwa makusudi, taratibu, kuonyesha kwamba hawezi kuwapita. Aliyejulikana kwa ulimi mkali kuliko wote alikuwa Risper Obara, mfanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani, mwenye kibanda karibu na njia ya ufukweni.

Risper mwenyewe hafichi. Tulimkuta kibandani kwake akipima omena kwa mkebe.

"Nilikuwa namwambia, nyar Kadem, mrudishie mtoto gari yake, analia," anasema. "Kila siku nilikuwa na jipya. Watu wanacheka, na mimi nauza. Yeye anapiga tu ile kengele, anasema, 'Habari ya asubuhi, mama,' anapita."

Je, Roselyn alikasirika?

"Nilikasirika sana," Roselyn anasema. "Lakini nilikuwa na mgonjwa kwenye gari. Ukianza kujibizana, unasahau kuangalia mashimo."

Fundi Zadock, ambaye ana karakana ya kuchomelea vyuma pale sokoni, alikuwa kati ya wachache ambao hawakucheka. Yeye alivutiwa na mota. Alimwomba Roselyn asimame, akalala chini kwenye vumbi na kulitazama kwa muda mrefu. Magurudumu liliyokuja nayo yalikuwa madogo na laini, ya kupita kwenye nyasi za bustani. Zadock aliyatoa akaweka ya pikipiki, na akaliinua gari kidogo lisiburuze tumbo kwenye mawe.

"Sikujua kama litakuja kutusaidia namna ile," Zadock anasema. "Nilitaka tu kuona likipanda."

*

Mwishoni mwa mwaka 1997 zikaja mvua za El Niño.

Ziwa lilipanda hadi kwenye nyumba za karibu na ufuko. Vyoo vilijaa maji, visima vikachafuka, na kipindupindu kikaingia. Wagonjwa wa kwanza waliletwa mgongoni. Soko likafungwa, na wavuvi wakakatazwa kuuza samaki. Land Rover ya kituo ilikuwa imekwenda Migori kuleta maji ya dripu. Ilipokuwa ikirudi, daraja dogo la barabarani lilikuwa limesombwa. Dereva akabaki ng'ambo na mzigo wake.

Karungu ikabaki na gari moja.

"Nilikwenda kwa Daktari nikamwambia, mimi nitabeba," Roselyn anasema. Anayemwita Daktari ni Onsongo, mganga wa kituo. "Akanieleza ugonjwa wenyewe unavyoambukiza. Akanipa glavu na maji ya klorini. Nikaambiwa kila nikimshusha mgonjwa, nioshe plastiki ya godoro, nioshe kiti, nioshe mikono. Nikaosha mpaka ngozi ikachubuka."

Pale ambapo lori lingezama, Mosmos lilipita kwa sababu ni jepesi. Barabara ilipokatika alikata katikati ya uwanja wa mpira wa shule. Kwenye mtaro aliwaomba watu walio karibu waliinue, nao wakaliinua na mgonjwa akiwa ndani, kama watu wanaohamisha meza.

Hakurudi nyumbani. Aliogopa kumpelekea Ayoo ugonjwa, akawa analala kwenye chumba cha kuwekea mashuka. Shemeji yake alikuja kumwambia aache kazi hiyo, kwamba mtoto ameshapoteza baba. Roselyn alimwomba tu amtunzie mtoto.

Siku moja bibi yake Ayoo alimleta mtoto hadi kwenye ua, akasimama naye upande wa pili wa seng'enge.

"Mama, watoto wanasema wewe ndiye unabeba ugonjwa," Ayoo alimwambia.

"Waambie nabeba watu."

"Na ukiugua?"

"Nikiugua niko hapa hapa hospitalini. Si ni vizuri? Sitatembea mbali."

Mtoto alicheka kidogo, anasema Roselyn, na yeye akangoja mpaka walipoondoka ndipo akaenda nyuma ya jiko kulia.

*

Kisha betri zikaanza kuisha.

Kituo cha afya hakina umeme wa serikali. Kinategemea jenereta ya dizeli na mabamba ya umeme wa jua yaliyoko juu ya paa. Mawingu yalikuwa yamelifunika jua kwa wiki nzima, na dizeli iliyobaki ilikuwa ya friji ya chanjo na taa za wodi, ambako wauguzi walikuwa wakitafuta mishipa ya wagonjwa waliokauka maji mwilini.

"Nilimwita Mama Ayoo nikamwambia siwezi kumpa umeme," anasema Onsongo. "Nilijua ninachomwambia. Nilikuwa namwambia asimame, na watu wa ufukweni wabaki huko."

Roselyn anasema hakumlaumu. "Angezima friji? Angezima taa? Nilimwambia sawa, Daktari, nitakwenda mpaka likatae."

Lilikataa mchana uliofuata, katikati ya mwinuko, mvua ikinyesha. Mgonjwa aliyekuwa kitandani alikuwa Risper Obara.

Majirani walikuwa wamemkuta nyumbani kwake, macho yameingia ndani, hawezi kusimama. Roselyn alimchukua, akamfunika na turubai, akaanza kupanda. Kufika juu kidogo ya karakana ya Zadock, gari likapunguza mwendo, likatambaa, likasimama. Akavuta breki lisirudi nyuma.

"Nyar Kadem, tumefika?" Risper aliuliza kwa sauti iliyosikika kwa shida.

"Bado kidogo, mama. Kunywa."

Alikuwa na chupa ya maji yenye chumvi na sukari. Alimwinua kichwa na kumnywesha kidogo kidogo. Kisha akaita.

Kwenye baraza za maduka yaliyofungwa walikuwa wamekaa wavuvi wasio na kazi. Baadhi yao walikuwa wale wale vijana waliozoea kutembea mbele yake taratibu. Kwa muda hakuna aliyenyanyuka. Kila mmoja alijua ni ugonjwa gani uliokuwa chini ya turubai.

Wa kwanza kutoka alikuwa Zadock. Akashika nyuma. Halafu akatoka mmoja, kisha wengine kwa pamoja, na gari likaanza kusogea, Roselyn akiwa ameshika usukani na kuwaelekeza wapi pana shimo. Wakalisukuma hadi langoni.

Risper alitundikiwa dripu. Nje, wanaume waliokuwa wamelowa walioshwa mikono kwa klorini, na walipokuwa wakisubiri zamu zao akafika Hamud, mwenye duka la vitambaa na chumba cha kuonyesha video pale sokoni. Hamud ni mzaliwa wa Isiolo aliyehamia Sori kwa biashara, na alikuwa amewafuata kutoka dukani chini ya mwavuli.

"Mama Ayoo, hili gari linataka nini?" aliuliza.

"Linataka betri, Bwana Hamud. Hizi zimekwisha, na hapa hakuna umeme wa kuzichaji."

"Mimi ninazo tatu za video. Kubwa. Zimejaa."

Roselyn alimtazama Zadock, na Zadock akahesabu kimoyomoyo. Betri sita za gari zilikuwa ndogo ndogo. Tatu kubwa zingetoa nguvu ile ile, mradi nyaya ziunganishwe sawasawa.

"Na zikiharibika?" Roselyn alimuuliza Hamud. "Hizo ndizo kazi yako."

"Zikiharibika zimeharibika. Nani ataangalia video hapa watu wakifa?"

Kabla ya jioni Mosmos lilikuwa likishuka tena.

Lakini betri tatu zingeisha kama zile sita, na hapo ndipo mji wenyewe ulipoingia kazini. Hamud alikuwa na jenereta ndogo ya petroli. Petroli haikuwepo dukani, ila ilikuwepo ufukweni, kwenye madumu ya wenye boti za mashine. Zadock ndiye aliyekwenda kuwaambia.

"Niliwauliza, boti hazitoki, petroli mnaiwekea nini?" anasema. "Wakatazamana. Mzee mmoja akaingia ndani akaleta dumu lake. Kuanzia hapo sikuwahi kuomba tena."

Mwalimu mkuu alileta betri ya televisheni yake. Kanisa likaleta mbili za vipaza sauti. Wengine walileta za redio, ndogo zisizofaa, na Zadock alizipokea hivyo hivyo ili asiwavunje moyo. Kila betri aliiandika kwa chaki jina la mwenyewe. Tatu zilikuwa ndani ya gari, tatu zikiwa kwenye chaja uani kwa Hamud, na Roselyn alipopita alibadilishiwa pale pale, bila kushuka kwenye kiti.

"Watu walikuwa wanalitazama likipita na kusema, hiyo ni betri yangu inapanda," anasema Roselyn, na uso wake wote unafunguka. "Hata watoto. Hiyo ni ya baba. Hakuna mtu alicheka tena. Lilikuwa limekuwa lao."

Si wote waliopona. Roselyn mwenyewe anasimulia.

"Mmoja alinifia. Mvuvi kijana, alikuja na boti kutoka upande wa Tanzania, hakuna aliyejua jina lake. Tulikuwa tumepita shule nikasikia kimya. Unajua gari halina sauti, kwa hiyo unamsikia mgonjwa akipumua. Nikageuka. Nikamfunika kwa leso yangu. Watu waliniambia nimshushe kwa chifu, wakamzike. Nikasema hapana. Alipanda aende hospitalini. Nikamfikisha."

Barabara ilipofunguka na Land Rover ikarudi, ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua. Onsongo hataki kutaja idadi ya watu waliookolewa na gari hilo, kwa kuwa anasema hakuna anayeweza kuijua. Anachosema ni kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaokufa mara nyingi ni wale wanaochelewa kufika, na ufuko wa Karungu haukuchelewa.

*

Risper alitoka wodini akiwa amekonda. Alikataa kupelekwa nyumbani na Land Rover.

"Nilisema nitarudi na ile ile," anasema. "Na nilimwambia apite sokoni, asipite njia ya nyuma. Nilitaka wanione nimekaa mbele."

Katika baraza lililofanyika mvua zilipokwisha, chifu alimsimamisha Roselyn mbele ya watu. Hakupewa cheti wala bahasha. Wanawake wa ufukweni walipiga vigelegele, na wavuvi wakasimama, jambo ambalo wenyeji wanasema hawajapata kuwaona wakimfanyia mwanamke wa kuolewa kutoka ng'ambo.

Sista Susana naye alikuwa na lake. Alimwita ofisini akamwambia kwamba kuanzia mwezi huo si mfuaji tena. Mshahara wake ungekuwa wa dereva, sawa na wa yule wa Land Rover.

"Nilimuuliza, Sista, una hakika? Mimi sina leseni," Roselyn anasema. "Akasema basi nenda ukatafute."

Alikwenda Homa Bay. Alikaa kwa dada ya mumewe na kujifunza kwenye shule ya udereva, akiwa mwanamke pekee kati ya vijana waliotaka kuendesha malori. Gari lenye klachi lilimpa taabu. Lilimruka na kuzimika, na vijana wakamwita mama wa posho mill kwa jinsi alivyolitingisha. Siku ya mtihani, mkaguzi wa polisi alimtaka apande kilima, asimame katikati, kisha aondoke tena bila kurudi nyuma.

"Hapo nikatabasamu," anasema. "Kilima ndiyo kazi yangu."

Alipita. Leo leseni ile iko kwenye mfuko wa plastiki shingoni mwake, ingawa hakuna askari hapa Sori anayemwomba. Askari wapya wanaohamishiwa huku humsimamisha mara moja tu, kuuliza injini iko wapi. Huwa anainua kiti na kuwaonyesha.

Ayoo yuko darasa la tatu. Shuleni huulizwa mama yake anafanya kazi gani, na Roselyn amesikia kutoka kwa mwalimu kwamba mtoto hujibu akiwa amesimama wima, hata kama wenzake wamejibu wakiwa wamekaa.

*

Mchana huu, baada ya kumrudisha bibi mwenye kidonda, Roselyn hapandi moja kwa moja kilimani. Anakata kushoto kuingia karakana ya Zadock. Huko, kati ya madirisha ya chuma na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, kuna fremu ya gari jingine.

Lina magurudumu manne ya pikipiki na kitanda cha mbao kipya ambacho bado hakijapakwa rangi. Mota yake ilikuja kama kipuri kwenye kontena la mwaka jana. Sehemu nyingine zote zimetengenezwa hapa. Hamud ametoa betri mbili, wavuvi wamechangia chuma.

Gari hilo si la Karungu. Litakwenda Kisegi, wilaya ya Suba, ambako zahanati ndogo imefunguliwa na wagonjwa bado wanafikishwa kwa punda na kwa mabega. Aliyechaguliwa kuliendesha ni Mellen, mwanamke wa miaka ishirini na mitano, Mkuria aliyeolewa Kisegi, ambaye kwa mwezi mmoja sasa amekuwa Karungu akijifunza kwenye Mosmos.

"Ananikemea," anasema Mellen, akimtazama Roselyn kwa upande. "Nikikanyaga breki kwa nguvu, ananiambia, nyuma kuna mtu ana kidonda. Lakini nyuma hakuna mtu."

"Siku moja atakuwepo," Roselyn anajibu.

Njia ya nchi kavu kwenda Kisegi ni ya mawe na mizunguko, na gari la mwendo huu lingeishiwa nguvu kabla ya nusu. Kwa hiyo litapelekwa kwa maji. Wavuvi wamekwisha pima upana wa boti kwa kamba na kukata mbao za kulipandishia. Wanangoja Zadock amalize nyaya na rangi ikauke.

Roselyn atakwenda nalo. Sista Susana amempa ruhusa ya wiki mbili, na Ayoo amekubali kubaki na bibi yake kwa sharti la kuletewa viatu. Mpango wake ni kukaa Kisegi mpaka Mellen aweze kubeba wagonjwa peke yake, kisha arudi. Akishaona hilo limesimama, anataka kumwomba Sista waanze la tatu, la Masara, ambako wachimbaji wa dhahabu wanaoumia mashimoni hubebwa juu ya milango iliyong'olewa.

Mellen anapanda kwenye kiti cha dereva cha gari lisilo na betri bado, anashika usukani, anajaribu kufikia pedali. Roselyn anazunguka upande wa pili na kukaa kando yake. Kabla ya Mellen kuja, anasema, hakuwahi kukaa upande huu.

Mwandishi anamuuliza atakuwa akifanya nini siku hiyo huko Kisegi, Mellen akiwa na mgonjwa wake wa kwanza nyuma.

"Nitakaa hapa hapa, kwa abiria," anasema. Anakunja mikono juu ya mapaja. "Na nitajaribu kunyamaza."